Ulimi Ndio Huchoka Kwanza: Namna ya Kuutambua Uchovu wa Kazi na Kujitoa Humo

Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa 16 kazini. Miaka 11 kati ya hiyo imeishia wodi ya wazazi ya hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Naandika haya kwa wanaohudumia watu: wauguzi wenzangu, walimu, makondakta, watu wa kaunta za benki, mama lishe, yeyote ambaye tangu asubuhi mpaka jioni anapokea shida za binadamu wengine. Wengine pia karibuni, ila mifano yangu itanuka klorini, mnisamehe.

Nianze na usiku mmoja wa mwezi wa nne. Mvua ya masika inapiga bati, umeme umeshakatika mara mbili, tuko wauguzi wawili kwa kina mama 14. Kitanda namba 4 kuna binti wa miaka 19, uzazi wa kwanza, njia imefunguka sentimita 6. Ananiita mara ya tano, anaomba maji ya kunywa. Nikamjibu ile sentensi ambayo wanawake wengi waliojifungulia hospitali wameisikia au wamesimuliwa: "Wakati unaitafuta hiyo mimba uliniita?" Halafu nikacheka. Nilicheka peke yangu. Mwenzangu alininyanyulia macho mara moja tu, akarudi kwenye patografu yake, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama.

Kulipokucha natoka na mkoba wangu, bibi wa yule binti akanisimamisha kwenye korido. Mama wa Kisukuma, amejifunga kanga mbili, mkononi termosi ya uji. Nikajua leo nasemwa, nikakaza uso kabisa. Akanitazama weee, kisha akasema, "Nesi, wewe unaumwa. Kapime."

Nilikasirika njia nzima. Bora angenitukana, ningemjibu tukamalizana.

Sikiliza unavyosema

Uchovu wa kawaida unakaa miguuni na mgongoni. Umesimama saa 12, umepata usingizi mzuri siku mbili, umekula ugali na samaki wako, umeamka mzima. Uchovu ninaousema mimi unaanza kuonekana mdomoni, na mwenye mdomo ndiye wa mwisho kuusikia. Wodini kwetu tuna neno lake: kukauka. "Fulani siku hizi amekauka." Hatumaanishi amekonda.

Kukauka kwangu kulikuwa hivi. Kina mama nilikuwa nawaita kwa namba za vitanda: "Namba 4 anasumbua," "Namba 9 bado hajasukuma." Nyumbani wanangu wakiniuliza kitu nilikuwa na majibu matatu tu: ndiyo, hapana, na kamuulize baba yako. Utani wangu uligeuka, ukawa wa kuumiza. Na kila aliyenieleza shida yake, kabla hajafika katikati, kichwani mwangu kulikuwa na sauti inasema, "Huyu naye."

Dalili nyingine zilikuja, sitazikalia sana kwa sababu hizo watu wanazijua. Bodaboda wangu akipiga honi nje saa 12:30 jioni, tumbo linakata. Chati moja naisoma mara tatu. Naamka saa 9 usiku siku za ofu, macho makavu, nahesabu zamu zilizobaki. Kulikuwa na chumba cha kuoshea vifaa. Nilikuwa naingia, nafungua bomba, nasimama tu maji yanamwagika, dakika 5, baadaye zikawa 10. Na mwaka ule tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tulipowasha mishumaa kurudia kiapo chetu, jambo ambalo huko nyuma lilikuwa likinitoa machozi, mimi nilikuwa nawaza nta inavyonichoma vidole na kikao kitaisha saa ngapi.

Baadaye nikasoma, nikakuta wataalamu walishaliona hili zamani. Mwanasaikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu yake mwaka 1974, baada ya kujitolea usiku kwenye kliniki ya bure huku mchana ana kazi zake. Mmoja wa wagonjwa wake wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakatoa dodoso la kulipima, na lile dodoso halikuuliza uchovu peke yake. Liliuliza mambo matatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na wale unaowahudumia, na kuhisi kwamba unachofanya hakifai kitu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linayataja hayo hayo matatu, na linasema wazi kwamba si ugonjwa. Ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Sisi tunajua lile la kwanza tu. Mtu anasema "nimechoka", anaambiwa pole, kapumzike. La pili ndilo linaloumiza wengine, na ndilo linaloitwa lugha chafu magazetini. Sisemi kila muuguzi mwenye lugha chafu amechoka. Wapo waliokuja nayo kutoka kwao. Ila ukiona mtu aliyekuwa na maneno mazuri ameanza kuuma, mshuku.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hii. Tafuta daftari dogo, la kuingia mfukoni. Kwa siku 7 kila ukitoka kazini andika sentensi tatu ulizomwambia mtu siku hiyo, kama zilivyotoka, bila kuzipaka rangi. Siku ya 7 jifungie, uzisome kwa sauti. Kisha weka alama kwenye zile ambazo usingeweza kumwambia mama yako mzazi. Mimi siku ya 4 nililitupa daftari chini ya godoro kwa aibu, nikalitoa wiki mbili baadaye. Katika sentensi 21 nilikuwa na alama 13. Kama kazi yako ni ya kuandika zaidi kuliko kusema, pitia meseji ulizowatumia wenzako mwezi huu na ulizowatumia mwezi kama huu mwaka jana. Utaona.

Kapime kweli

Yule bibi alisema kapime, na siku ya tatu nilienda. Kwanza malaria, maana huku kwetu kila kitu ni malaria mpaka kithibitishwe vingine. Hakuna. Sukari sawa, presha sawa. Wingi wa damu: 9.8. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 tunasema ana upungufu, na mimi kila siku nawaambia wengine hivyo, mwenyewe natembea na 9.8 na kuhema nikipanda ngazi.

Nasisitiza hili kwa sababu nimeshaona watu wanaosoma mambo ya msongo kwenye simu wakajipa jibu, kumbe ni tezi ya shingo, au kisukari, au mimba, au damu. Usijitangazie umechoka kazi kabla hujatoa damu ya vipimo. Mwambie mhudumu: nataka kupima malaria, wingi wa damu, sukari, presha, na kama una dalili za tezi, kama kusikia baridi kuliko wenzako, nywele kukatika na kunenepa bila sababu, mweleze nazo. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Usivimeze na chai, hasa ya rangi ile nzito. Inazuia madini chuma kuingia mwilini. Meza, subiri saa mbili, ndipo unywe chai yako.

Baada ya miezi mitatu damu ilikuwa 12.3. Ngazi nilipanda bila kuhema. Lakini bodaboda akipiga honi, tumbo bado linakata, na Namba 4 bado anaitwa Namba 4. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa na vitu viwili, na nimetibu kimoja.

Kuna kitu cha tatu ambacho lazima ukitenganishe, nacho ni sonona. Uchovu wa kazi, walau mwanzoni, una mpaka wake: ukivuka geti la kazini kuna kitu bado kinakupa raha, mpira, kwaya, kusuka mkeka, mtoto wa jirani. Ukiona wiki mbili zimepita hakuna kinachokugusa popote, chakula hakishuki au kinashuka kupita kiasi, unajiona mzigo, au umeanza kuwaza ni afadhali usiwepo, hilo si la daftari wala likizo. Nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali iliyo karibu nawe, leo, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani akusindikize. Najua utani wetu, "atapelekwa Mirembe", ile hospitali ya afya ya akili ya Dodoma. Huo utani umeshatuzikisha watu. Na wenzangu mnaoshika funguo za kabati la dawa: mawazo hayo yakija, mkabidhi mwingine funguo kabla hamjafanya jambo lingine lolote, msisubiri kujieleza.

Zuia damu kwanza

Mama akivuja damu baada ya kujifungua hatuanzi kumuuliza kadi ya kliniki iko wapi. Tunakanda mfuko wa uzazi, tunachoma sindano, tunaita msaada, damu ikisimama ndipo tunauliza chanzo. Na wewe fanya hivyo. Kabla hujaanza kutafakari maisha yako na kama ulipaswa kusomea ualimu, zuia.

Kwa wiki mbili usipokee jukumu lolote jipya. Kwetu majukumu hayaji kazini tu. Yanakuja na kadi za michango. Kamati ya harusi ya binamu, uhasibu wa kikoba, ukatibu wa kwaya. Nilijifunza sentensi moja na ninaigawa bure: "Nitachanga, vikao sitaweza." Usieleze sababu. Ukieleza sababu umefungua mjadala, na shangazi zetu hawashindwi mjadala.

Usingizi. Anayetoka naiti, zamu ya usiku, anafika nyumbani saa 2 asubuhi, anaona vyombo, anaanza kuosha, anafua kidogo, anapika, saa 7 mchana anajitupa kitandani jua kali, saa 10 watoto wamerudi. Hiyo nimeifanya miaka. Sasa nikifika nakula kidogo, nalala, vyombo nitavikuta. Dirishani nimetundika kanga mbili moja juu ya nyingine kwa sababu pazia nililonalo ni la urembo. Simu inalala jikoni. Mlangoni kuna karatasi imeandikwa NIMETOKA NAITI, na watoto wamezoea. Mdogo alichora na mtu anakoroma. Siku ya kuingia naiti nalala tena kwa muda wa saa moja na nusu jioni kabla ya kutoka. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu niliviacha kabisa. Vinakukopesha saa nne na kukudai mchana kutwa.

Halafu pesa, na hapa ndipo wengi mtaniacha. Nilikuwa nashika zamu 6 kwa mwezi kwenye zahanati binafsi, shilingi 20,000 kila usiku. Laki na ishirini. Zilikuwa za ujenzi. Kiwanja tulinunua kwa mkopo wa mshahara, msingi ukapanda, tofali zikapanda, tukafika kwenye lenta. Nilipokaa na baba watoto tukapiga hesabu, tukaona jambo ambalo nilikuwa nalijua na sikutaka kuliona: siku zote za ofu nilizopewa na hospitali ili nipumzike, nilikuwa naziuza zahanati. Mwili haukuwa na siku hata moja. Tulinyamaza muda mrefu pale mezani. Yeye ndiye aliyesema, "Basi nyumba isubiri." Mimi nisingeweza kulisema. Nikaacha zahanati mwezi uleule.

Nitasemwa kwamba ni rahisi kwa mwenye mshahara. Ni kweli. Mama lishe akikosa siku moja amekosa mtaji wa kesho. Kwake ningesema chagua siku moja tu ya wiki, ile ambayo wateja ni wachache, ufunge saa mbili kabla, na hizo saa mbili usizigeuze za kufua.

Likizo, na kwa nini usisafiri na kipimo cha presha

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Kenya, sheria yao ya ajira ya 2007 inatoa siku za kazi zisizopungua 21. Zijue, maana wengi wetu tunaziomba kama tunaomba zawadi. Mimi nilikuwa na miaka mitatu nazikata vipande: siku 4 za msiba, 3 za harusi, 5 za mtoto kulazwa. Mwaka ukiisha daftari linaonyesha nimekwenda likizo, na mimi sikumbuki nimepumzika wapi.

Safari hii nikaomba zote kwa mkupuo, nikaenda kwa mama yangu Muheza, mkoani Tanga. Watoto nikawaacha na baba yao na dada wa kazi kwa siku 10 za mwanzo, na hilo pia nilisemwa.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya: wiki ya kwanza nikaumwa. Mafua, kichwa, viungo. Nimekuja kusikia wengi yanawapata, mtu akilegeza kamba tu mwili unadai madeni yote. Usiogope na usiikatishe likizo ukadhani kukaa bure ndiko kunakokuumiza. Nililala siku 6. Mama hakuniuliza kitu. Alikuwa anaweka bakuli la uji juu ya kigoda, anafunga mlango.

Siku ya 7 wakaanza kuja. "Nesi amekuja." Mwenye goti, mwenye presha, mwenye mkwe haoni siku zake, na mmoja aliyekuja na karatasi za hospitali za mwaka 2011 akitaka nizisome upya. Ninge­kuwa na kile kipimo changu cha presha ningefungua kliniki barazani. Kwa bahati nilikuwa nimekisahau, na leo nakisahau kwa makusudi. Mwalimu usiende likizo na madaftari ya kusahihisha. Fundi cherehani acha sindano. Mama akawa anawajibu yeye: "Kaja kwangu, hakuja kazini."

Siku zilizobaki nilikaa naye kwenye meza yake ya machungwa kando ya barabara. Kazi yangu ilikuwa kumenya. Unazungusha kisu, ganda linatoka utepe mmoja mrefu, na ukikata lile jeupe vibaya mteja analalamika maji yanavuja. Sikuwaza kitu. Siku ya 17, kijana wa konda alishuka kwenye basi likiwa bado linatembea, akaanguka, akachubuka kiganja. Kabla sijafikiri nimeshasimama na kidumu cha maji, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Pole baba, lete nione." Ilikuwa muda mrefu sijasikia sauti ile. Mama aliendelea kuhesabu chenji.

Rudi na kalamu

Ningekuwa muongo ningeishia Muheza. Usiku wa pili baada ya kurudi, honi ikalia, tumbo likakata. Kazi ilikuwa ileile. Likizo inamrudisha mtu. Kazi inabaki ilivyo, na kazi ndiyo iliyomkausha.

Hapo nikarudi kwa wale wataalamu. Maslach na mwenzake Michael Leiter wanataja sehemu sita ambazo kazi na mtu vinaweza kukosana: wingi wa mzigo, usemi ulionao juu ya kazi yako, malipo na shukrani, wenzako, haki, na kile unachokiamini. Mimi nilikuwa na uhakika tatizo langu ni la kwanza. Wagonjwa wengi, sisi wachache, basi. Chukua karatasi, andika zote sita, na kila moja uiandikie tukio moja la mwezi huu. Tukio, siyo maoni. Kwenye mzigo niliandika ule usiku wa kina mama 14. Kwenye wenzangu nilikosa la kuandika, wenzangu ni wazuri. Kwenye haki nikaanza kuandika rosta, ile ratiba ya zamu zetu, nikageuza karatasi upande wa pili.

Nikapiga picha rosta za miezi mitatu zilizobandikwa ukutani, nikakaa nazo na kalamu nyekundu. Mimi nilikuwa na naiti 31. Aliyenifuatia alikuwa na 22. Hakuna aliyenionea kwa makusudi. Nilikuwa yule mtu ambaye akipigiwa simu saa 11 jioni kwamba fulani hajaja, anasema "sawa", na baada ya miaka jina langu lilikuwa linajiandika lenyewe.

Mazungumzo na inchaji wangu, msimamizi wa wodi, nayaweka hapa yalivyokuwa, kwa sababu nilishawahi kujaribu mara mbili huko nyuma na nikaishia kulia tu.

"Sista, naomba dakika 10 zako, tukiwa tumekaa."

"Kama ni kuchoka, mdogo wangu, hapa kila mtu amechoka."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na rosta, sikuja na machozi."

Akavaa miwani. Alihesabu mwenyewe, kwa kidole, mara mbili. Akanyamaza. Kisha akasema, "Hii sikuiona." Namwamini, yeye pia alikuwa anashika wodi mbili.

Nilikuwa nimekwenda na maombi mawili tu, na nakushauri usizidishe mawili. Moja, naiti zisizidi 4 mfululizo na rosta ibandikwe wiki moja kabla. Pili, nipelekwe kliniki ya chanjo kwa miezi 6. La kwanza nilipata palepale. La pili aliniambia haliwezekani, na miezi mitatu baadaye likawezekana. Muuguzi wa kuongeza hatukupata, wala sikutegemea. Sheria ile ile ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Nilikwenda naijua ili nijue nimesimama wapi, ila sikuitaja, maana nilitaka rosta ibadilike zaidi ya nilivyotaka kushinda. Kwako inaweza kuwa kinyume. Kama bosi wako hahesabu kwa kidole, itaje, kwa maandishi, na nakala yako ubaki nayo.

Vitu vidogo vilivyobaki

Chanjo kulinifaa kwa namna ambayo sikuitarajia: watoto wanalia, lakini wote wanarudi nyumbani. Wodi ya wazazi si hivyo. Tukimpoteza mama, kuna kikao cha kupitia kifo, ni cha lazima na kina faida yake, lakini swali lake ni nani alifanya nini saa ngapi, na watu wanaingia wakiwa wamejifunga mkanda. Siku hizi sisi tuliokuwa zamu hiyo tunakaa kwanza kwa chai, dakika 15, kwenye benchi la nyuma ya maabara. Kila mtu anasema alichokiona. Hakuna anayeandika. Mara nyingine hakuna anayesema, tunakunywa tu chai na mandazi. Jambo hili dogo limenisaidia kuliko semina zote za msongo nilizowahi kusaini posho zake.

Na kina mama nawaita kwa majina. Nikipokea zamu narudia kila jina mara tatu kimoyomoyo nikiwa naangalia uso. Nimegundua kwamba Namba 4 unaweza kumtukana, ila mtu uliyemwita kwa jina lake dakika mbili zilizopita ni kazi kidogo kumtukana. Yule binti wa 19 jina lake sikuwahi kulishika. Nilikuja kulitafuta kwenye rejista ya wodi, nimelipata, nimekaa nalo.

Ukiniuliza ilichukua muda gani, karibu mwaka na miezi miwili mpaka honi ikawa honi tu. Na nimeshateleza mara moja, Desemba, wauguzi wawili wako likizo ya uzazi, nikajisikia nacheka kile kicheko. Usiku ule ule nikatoa daftari chini ya godoro.

Nyumba bado iko kwenye lenta. Mama alipokuja mwezi wa kumi na moja na mvua za vuli, alizunguka ndani ya zile kuta, akauliza hapa ni wapi, nikamwambia sebuleni, akapanda mbegu za maboga alizozifunga kwenye pindo la kanga tangu Muheza. Wiki iliyopita nilichuma majani ya kwanza, mafungu manne, nikaenda nayo naiti. Mwenzangu aliyekuwa na patografu usiku ule akayageuza geuza, akaniuliza fungu nauza shilingi ngapi.